Mate ya Shangazi

Cheptanui alikuwa na namna yake ya kumpima mtu, na hakumfundisha yeyote. Mgeni akifika nyumbani kwa kaka yake, yeye ndiye aliyekimbilia kupika chai. Akiisha kuimimina kikombeni alionja kidogo mbele ya mgeni, akisema anaangalia kama sukari imekolea, kisha akamkabidhi kikombe kilekile na kukaa pembeni kutazama. Hakujisumbua na uso, maana uso hudanganya. Aliangalia midomo na vidole.

Wapo waliosema wametoka kunywa chai sasa hivi, wameshiba kabisa, na huku matumbo yao yananguruma. Wapo waliopokea kwa mikono miwili na shukrani tele, wakakiweka kikombe chini kando ya mguu, wakapiga soga mpaka chai ikafanya utando juu, wakaaga. Mhubiri mmoja aliiombea chai ile sala ndefu, akaombea na mvua, akaombea na wafungwa, na alipofumbua macho akakumbuka kwamba ana safari. Cheptanui alicheka peke yake siku nzima. Wapo waliogusisha midomo bila kuifungua, koo likapanda na kushuka bure. Hao aliwachukia kuliko wote. Na wapo waliozungusha kikombe polepole ili wanywee upande ambao mdomo wake haukugusa. Hao aliwasamehe nusu, kwa kuwa angalau chai ilifika tumboni. Chepkorir, mke wa kaka yake, alikuwa mzungushaji. Alizungusha kikombe miaka yote waliyokaa pamoja, kwa ustadi wa mtu anayepepeta nafaka.

Wa kunywa tu, bila hila, alikuwa mmoja. Kaka yake Kimaiyo alipokea kikombe, akapiga mafunda, akafuta mdomo kwa kiganja na kuuliza kama imebaki nyingine. Kwa sababu ya hayo mafunda Cheptanui angeweza kumfanyia kaka yake lolote chini ya jua.

Kifafa kilimwanza akiwa msichana wa kuchunga mbuzi. Watu wa nyanda zile za juu, kuanzia Molo hadi Kuresoi, walijua kwa uhakika wao kwamba ugonjwa wa kuanguka unakaa kwenye povu la mdomoni. Mate ya mwenye kifafa yakikupata, nawe utaanguka. Hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyeupata kwa njia hiyo, lakini jambo kama hilo halikumzuia mtu kuamini. Cheptanui akianguka njiani, watu walitawanyika, wakasimama mbali wakimtazama akijipigiza chini mpaka atulie. Aliolewa Kuresoi. Siku alipoangukia motoni mumewe alikuwa amesimama mlangoni, mzima, ana mikono yote miwili, na hapo mlangoni alibaki. Cheptanui alirudishwa kwao na vidole vya mkono wa kushoto vimeshikana.

Kimaiyo alikuwa nyapara kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja karibu na Molo. Alimpokea dada yake bila neno. Baadaye alisikia kwamba hospitali ya Nakuru kuna dawa, akampandisha gari la moshi, na huko Makokha, mpimaji dawa kutoka upande wa Bungoma, akampa vidonge vyeupe vya kumeza kila jioni. Cheptanui alimpelekea kibuyu cha maziwa kwa shukrani, akaonja mbele yake kama kawaida, na Makokha akanywa hadi tone la mwisho. Lakini huyo hakumhesabu. Alikuwa mtu wa mbali, na ugonjwa ndio kazi yake.

Vidonge vilifanya kazi. Mwaka ungeweza kupita ameanguka mara moja tu, na pengine hata hiyo moja isiwepo. Ungedhani na woga wa watu ungepungua kwa kipimo hichohicho. Haukupungua hata chembe. Watu walizidi kumwangalia kwa makini, kama mtu anayeangalia sufuria iliyokawia kuchemka.

Katika nyumba ile alikuwapo Jepchumba, binti wa kwanza wa Kimaiyo. Wazazi wakienda kuchuma pareto, Cheptanui ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni, akamtafunia viazi na kumlisha kwa kidole, akamwimbia nyimbo ambazo nyingine hazikuwafaa watoto. Siku moja, mtoto akiwa na umri wa kukimbia huku na huku, Cheptanui alianguka naye katikati ya pareto. Alipozinduka alimkuta Chepkorir amemkumbatia mtoto, macho yamemtoka. Tangu siku hiyo Chepkorir alimlisha mtoto mwenyewe. Cheptanui hakubishana. Aliendelea kumpenda Jepchumba kwa mbali kidogo, hatua ambayo yeye mwenyewe aliipima na kuiheshimu, na mtoto alipomkimbilia na mdomo uliojaa uji ili ambusu, alimgeuzia shavu.

Basi Jepchumba akakua, akapata mchumba. Kijana aliitwa Kipketer, dereva katika kambi ya jeshi Gilgil, mpole, mwenye masikio makubwa. Wazazi wake walikuwa wakilisha ng'ombe wa mzungu upande huohuo wa Gilgil. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na kutembea kulitaka vibali, lakini walikuja. Na kama ilivyo desturi, kabla ya kuzungumzia ng'ombe wa mahari, kila upande uliuuliza upande wa pili habari za ukoo.

Cheptanui alikuwa nyuma ya ukuta akichuja maziwa. Alimsikia baba yake Kipketer akiuliza, kwa adabu kabisa, kama nyumba hii ina mchawi, au mwizi, au mtu wa kuanguka.

"Kwetu hakuna," alisema Kimaiyo.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na kwenu?"

"Kwetu pia hakuna."

Maziwa yalimwagikia miguu yake na hakuyasikia. Alisimama pale akiwa na kibuyu mkononi, akijiuliza alichokuwa akikipima kwa miaka yote ile. Kaka yake alikunywa, ndiyo. Alikunywa wakiwa wawili, jikoni, mlango umefungwa. Kikombe hakikumwambia kamwe mtu huyo angefanya nini mbele ya watu. Aliumia, na hakuna namna nyepesi ya kulisema hilo. Aliumia kuliko alivyoumia Kuresoi, kwa sababu mume alikuwa mgeni, na huyu alikuwa Kimaiyo.

Harusi ilipokaribia, kaka mtu alimfuata kwenye zizi la ndama. Alizunguka sana. Alisifia ndama, akalaumu mvua, akaokota kijiti na kukivunjavunja.

"Dada, siku ile nataka ukae nyumba ya Kinyanjui. Ni siku moja tu. Wakishaondoka naye, unatoka."

Nyumba ya Kinyanjui ilikuwa ya mwisho kwenye laini ya wafanyakazi, karibu na lango la shamba. Ilibaki tupu tangu serikali ilipowahamisha Wakikuyu wote, na hakuna aliyetaka kuingia.

"Na baraka?" aliuliza Cheptanui.

Maana hilo ndilo lililokuwa lake. Kwa desturi ya watu wao bibi harusi hatoki kwa baba yake mpaka shangazi, dada wa baba, ampake siagi, ajaze maziwa kinywani na kumpulizia kifuani, maziwa na mate pamoja, ili akazae na kukaa salama. Hakuna mwingine mwenye haki hiyo. Cheptanui hakuwa na mtoto, na hakuwa na mume. Siku hiyo moja alikuwa ameingoja tangu Jepchumba aote meno.

"Mke wa Kosgei, hapo jirani, atasimama mahali pako," alisema Kimaiyo. "Ni wa ukoo wetu."

"Mke wa Kosgei alimbeba lini?"

"Dada, nisikilize. Wakijua, wataondoka. Na nyuma ya Jepchumba wako wadogo zake wawili. Nani atakuja kuoa hapa? Niambie wewe, nani?"

Cheptanui alitafuta jina la mtu, akalikosa. Kaka yake alikuwa akisema kweli tupu, na hapo ndipo palipouma. Kama Kimaiyo angekuwa mtu mbaya, Cheptanui angemtukana na kukataa.

"Nitakaa," alisema.

Jepchumba aliambiwa kwamba shangazi ameenda Nakuru kufuata vidonge na kwamba gari la moshi limemchelewesha. Mtoto wa watu aliinamisha kichwa, akasema sawa. Chepkorir, aliyekuwa akimsuka mwanawe nywele, alizivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Siku yenyewe ilianza na ukungu, kama siku nyingi za Molo, kisha jua likatoka na mashamba ya pareto yakawa meupe hadi kwenye msitu. Cheptanui alikaa chini katika nyumba ya Kinyanjui, mgongo ukutani, akisikiliza. Alisikia wageni wakifika kutoka stesheni. Alisikia nyimbo za akina mama. Alijua kila hatua bila kuiona: sasa wanamvika, sasa siagi, sasa mke wa Kosgei anajaza kinywa. Alipofika hapo alifunika uso kwa kitambaa chake na kulia, bila sauti, kwa kuwa hata kilio kilikuwa kimekatazwa.

Kisha nyimbo zikaanza kusogea. Msafara ulikuwa ukija langoni. Alisimama, akaweka jicho kwenye ufa wa mlango, walau amwone akipita.

Jepchumba alikuja akitembea polepole sana, kichwa kimeinama, anang'aa siagi. Alipofika langoni alisimama. Wanawake walishangilia, kwa kuwa bibi harusi wa kwao hatembei bure. Hufika mahali akasimama kama amekita mizizi, na haondoki mpaka aahidiwe zawadi inayomridhisha. Na atakachotaja hapo, mbele ya pande zote mbili, hakikataliwi. Ni mchezo, lakini ni mchezo wenye sheria.

"Mbuzi," alisema baba yake Kipketer, akicheka.

Jepchumba hakuinua mguu.

"Mbuzi na mwanawe."

Bado amesimama. Watu wakafurahi zaidi. Kipketer, masikio yamemwiva kwa aibu, aliahidi blanketi na sanduku la bati. Baba mtu akapanda hadi kwenye ndama jike, mweusi, wa maziwa mengi. Wanawake wakapiga vigelegele, wakijua hapo ndipo mwisho. Jepchumba alibaki palepale. Vigelegele vilififia. Mtu mmoja akakohoa.

"Binti yangu," alisema mzee wa Gilgil, na sasa hakucheka. "Taja basi wewe unachotaka."

"Sitaki ng'ombe," alisema Jepchumba. "Nataka shangazi yangu anibariki."

"Si amekwisha kukubariki? Huyu hapa."

"Huyu ni jirani yetu. Namheshimu. Shangazi yangu ni mwingine, na hajaenda Nakuru. Kila mwezi mimi ndiye ninayehesabu vidonge vyake, na bado vipo."

Mke wa Kosgei alitazama viatu vyake. Kimaiyo alitazama mlima. Nyuma ya mlango Cheptanui alishika mdomo kwa mikono yote miwili, mmoja wa vidole vitano na mmoja wa vidole vilivyoshikana, akiomba mtoto anyamaze, akiomba asinyamaze.

Aliyesogea kwanza alikuwa Chepkorir. Hakumtazama mumewe. Alitoka katikati ya wanawake, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Kinyanjui na kuufungua mlango.

"Wifi, toka," alisema.

"Kimaiyo alisema..."

"Najua alichosema Kimaiyo. Nimelala nacho wiki nzima. Mwanangu haondoki hapa na machozi ya mtu mgongoni. Toka."

Cheptanui alitoka kwenye jua akipepesa macho. Alikuwa na nguo za kawaida, za zizini, na majani makavu yamemganda magotini. Mzee wa Gilgil alimwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ule mkono.

"Huyu mama mlimficha kwa nini?"

"Ana homa," alianza Kimaiyo. "Tuliona asije akawaambukiza..."

Cheptanui alimwonea kaka yake huruma. Aliona jinsi uongo ule ulivyomzeesha pale alipokuwa amesimama.

"Sina homa, mzee," alisema. "Nina kifafa tangu utoto. Kaka yangu aliwaambia kwamba hapa hakuna. Yupo, ni mimi."

Wakarudi nyuma. Hakukuwa na kelele, ila miguu tu, viatu na nyayo tupu zikiburura mchangani, hadi pakawa na duara kubwa, na ndani yake shangazi na mpwa wake peke yao. Kipketer hakurudi nyuma na hakusogea mbele. Alikuwa akimtazama mama yake.

Chepkorir alimletea kibuyu. Jepchumba alipiga magoti, akateremsha nguo mabegani. Cheptanui alijaza maziwa kinywani. Yalikuwa yametiwa majivu ya mti, makali kidogo na baridi. Aliinama. Na hapo, akiwa juu ya kifua cha mtoto aliyemlea, akiwa amepata kile ambacho alikingoja maisha yote, woga ulimkamata mwenyewe. Ikiwa ni kweli? Ikiwa wao wote hawakukosea, na ugonjwa uko hapa, kwenye ulimi wangu?

Akameza.

Watu hawakuelewa. Jepchumba aliinua uso.

"Umemeza, shangazi."

"Nimemeza."

"Kwa nini?"

Alipima watu wangapi kwa chai yake, na hakuwahi kumpima aliyeshika birika. Ni yeye aliyegeuza shavu. Ni yeye aliyekuwa akikaa hatua moja mbali na mtoto huyu hata alipokuwa hajafukuzwa na mtu. Alijionea aibu, na aibu hiyo ilikuwa mpya kabisa.

"Naogopa," alisema. "Nakuogopea."

Jepchumba alisema bila kupaza sauti, lakini kila mtu pale langoni alisikia. "Siku ile ulipoanguka na mimi kwenye pareto, mama alichelewa kufika. Mdomo wako ulijaa povu, na nzi wakaja. Nilikufuta kwa mkono wangu. Nilikufuta mpaka ukawa safi. Kisha nikakaa karibu yako nikamaliza kiazi changu, kwa mkono huohuo. Sijaanguka, shangazi. Nimekuwa mkubwa, ninaolewa, na sijaanguka hata siku moja."

Chepkorir aliketi chini ghafla. Hakuwahi kuambiwa hayo.

Cheptanui alichukua kibuyu tena. Safari hii hakuinama kwa hofu. Alipuliza kwa pumzi yote aliyokuwa nayo, na maziwa yakamwangukia Jepchumba kifuani, shingoni, hata kwenye kope. Mtoto hakuyafuta. Alifumba macho na kuyaacha yateremke.

"Basi," alisema mzee wa Gilgil. Aliokota fimbo yake. "Tumeona. Tulidanganywa, na tumeona. Twendeni nyumbani."

Watu wake walianza kugeuka. Mkewe hakugeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye shuka ya buluu, na siku nzima hakuwa amesema zaidi ya salamu. Sasa aliingia kwenye duara lile ambalo wengine walilikimbia, akaja hadi karibu na Cheptanui, karibu kiasi cha kumgusa.

"Hivyo vidonge," aliuliza kwa sauti ya chini, "vinapatikana wapi?"

"Hospitali ya Nakuru. Ulizia Makokha."

"Na ukivimeza, huanguki?"

"Mara chache sana."

"Mama Kipketer," aliita mumewe. "Njoo."

"Kipketer ana dada," alisema yule mama.

"Nyamaza, nimesema."

"Ni mkubwa kuliko yeye. Leo ilikuwa haki yake kuja kumpokea huyu binti njiani. Tumemfungia ghalani, jirani anampelekea chakula." Sasa alimgeukia Kimaiyo, na mashavu yake yalikuwa yamelowa. "Mlituuliza nasi. Tukasema kwetu hakuna."

Mzee alibaki na fimbo yake hewani, hajui aishushie wapi. Kipketer alikuja kusimama upande wa mama yake, akamshika bega. Kimaiyo alivua kofia, ingawa hapakuwa na sababu ya kuivua.

"Anaitwa nani?" aliuliza Cheptanui.

Yule mama alifungua mdomo na kuufunga. Ilikuwa dhahiri kwamba jina hilo halijatoka nje ya nyumba kwa muda mrefu. Alimtazama mumewe, akawatazama watu wote waliokuja naye kutoka Gilgil, majirani wa miaka mingi.

"Jepkoech," alisema. Kisha akalirudia kwa sauti, kama mtu anayemwita mtoto aje kula.

Jepchumba aliinuka kutoka magotini, maziwa bado yanamchuruzika. Hakusubiri ahadi nyingine. Alimshika mama mkwe wake mkono, akavuka lango, akaanza kutembea haraka kuelekea stesheni.